Kutoka Mmonaki hadi Mwana wa Mji: Nembo ya Munich katika Jumba la Mji na Usomaji wa Jina la Mahali

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa majina ya mahali aghalabu huanzia kwenye umbo la jina, hupitia mzizi wake, na kukomea kwenye masimulizi ambayo wenyeji huyatoa ili kulieleza. Huo ni utaratibu mzuri, lakini una upungufu mmoja: huchukulia kwamba jina huishi katika sauti na maandishi peke yake. Yapo majina ambayo kwa karne nyingi yameishi pia katika picha, na picha hizo, kama yalivyo maneno, huzaliwa na maana moja na kuzeeka na nyingine. Makala hii inachunguza jina la namna hiyo. Ni jina la mji wa Munich, makao makuu ya jimbo la Bavaria kusini mwa Ujerumani, na picha inayohusika ni nembo ya mji huo kama inavyoonekana kwenye Jumba Jipya la Mji katika uwanja wa Marienplatz.

Jumba hilo linamwekea mtazamaji fumbo. Nembo rasmi ya mji ni ngao nyeupe yenye mmonaki aliyevaa kanzu nyeusi yenye kingo za dhahabu, kofia ya kanzu ikiwa kichwani, kitabu chekundu katika mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeinuliwa. Hata hivyo, mtazamaji akiinua macho hadi kileleni mwa mnara, umbali wa mita 85 hivi kutoka ardhini, atakuta kanzu ileile imevaliwa na mtoto. Wenyeji humwita *Münchner Kindl*, na ukiwauliza ni nani anayeonekana katika nembo ya mji wao, wengi watalitaja jina hilo kabla ya kumtaja mmonaki yeyote.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wachoraji walimfanya mmonaki kuwa mdogo na mzuri wa sura mpaka akawa mtoto. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayaelezi chochote. Kwa nini umma ulikubali kosa la wachoraji, ukalipa jina, na hatimaye ukaliweka juu kabisa ya jengo la serikali yake? Makala hii inatoa hoja kwamba badiliko hilo ni tukio la lugha kabla ya kuwa tukio la sanaa, na kwamba hatua zake zinaweza kufuatiliwa kwa zana za kawaida za isimu: kufifia kwa maana ya jina, mofolojia ya udogo, na upanuzi wa maana ya neno ‘mwana’.

2.0 Jina na mzizi wake

Kwa bahati njema, jina la Munich lina tarehe. Tarehe 14 Juni 1158, mjini Augsburg, Kaisari Friedrich wa Kwanza, aliyepewa lakabu ya Barbarossa, aliamua shauri baina ya Mtawala Heinrich, maarufu kwa jina la Simba, na Otto, Askofu wa Freising. Ugomvi ulikuwa wa chumvi. Njia ya chumvi iliyotoka mashariki ilivuka mto Isar huko Föhring, mahali pa askofu, naye askofu ndiye aliyetoza ushuru. Heinrich alilivunja soko na daraja la Föhring, akaihamishia biashara kwenye kivuko chake mwenyewe juu kidogo ya mto. Kaisari alimwachia Heinrich soko lake jipya kwa sharti la kumgawia askofu theluthi moja ya mapato. Katika hati ya uamuzi huo, iliyoandikwa kwa Kilatini, soko linatajwa kuwa lipo *apud Munichen*. Mji huadhimisha siku hiyo kama siku ya kuzaliwa kwake, ingawa ni dhahiri kwamba mahali palikuwa na jina kabla ya mawakili kulihitaji.

Umbo *Munichen* ni la Kijerumani lililotiwa ndani ya sentensi ya Kilatini bila kutafsiriwa. Kiini chake ni *munich*, yaani mmonaki, na mwisho wake *-en* ni alama ya wingi katika hali ya kupewa. Maana yake kamili, kwa hiyo, si ‘wamonaki’ bali ‘kwa wamonaki’ au ‘penye wamonaki’. Msemaji wa Kiswahili halazimiki kwenda mbali kuielewa sarufi hii. Majina ya mahali katika Kiswahili yana mikondo miwili mikubwa: mmoja hueleza palivyo, kama katika Mtoni na Shimoni, mwingine hueleza pa nani, kama katika Kwamtoro ya Mkoa wa Dodoma au Mtoni kwa Aziz Ali ya Dar es Salaam. Munich ni jina la mkondo wa pili. Ni ‘kwa fulani’, na fulani huyo ni wamonaki. Walikuwa wa monasteri gani, wanahistoria hawajakubaliana.

Neno lenyewe limesafiri sana. Asili yake ni Kigiriki *monachos*, mtu akaaye peke yake; Kilatini kikalichukua kama *monachus*, nacho Kijerumani cha kale kikalifanya *munih*. Kiswahili cha Kikatoliki kililipokea pia, kikalitia kiambishi cha ngeli ya kwanza, likawa *mmonaki*. Neno hili si geni kwa wasomaji wanaoijua historia ya kusini mwa Tanzania, kwani abasia za Peramiho na Ndanda zilianzishwa, mwaka 1898 na mwaka 1906, na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, shirika ambalo nyumba yake mama ipo Bavaria, magharibi ya Munich. Hivyo neno mmonaki na jina la mji ambao wamonaki wa Peramiho walipita karibu nao wakielekea pwani ya Afrika ni ndugu wa tumbo moja. Waitalia huuita mji huo Monaco di Baviera hadi leo, na kwao mmonaki ni *monaco* vilevile. (Jina la dola ndogo ya Monaco lina asili nyingine, iliyo ya kale zaidi, lakini hilo halikuizuia nembo ya dola hiyo kuwa na wamonaki wawili wenye panga wanaoishikilia ngao.)

Jambo la kuzingatia ni kwamba undugu huo hausikiki tena ndani ya Kijerumani chenyewe kama ulivyosikika mwaka 1158. Wakati ule jina la mahali na jina la mtu yalikuwa neno moja. Baadaye njia zao ziliachana. Mmonaki katika Kijerumani sanifu ni *Mönch*. Mji ni *München*. Irabu si moja, na jina la mji limebaki na mwisho wa zamani ambao msemaji wa leo hauoni kama alama ya hali yoyote ya kisarufi. Katika lahaja ya Kibavaria umbali ni mkubwa zaidi. Lahaja hiyo huzitamka irabu za aina ya *ü* bila kuviringa midomo, na kwa mabadiliko mengine ya konsonanti jina la mji limekuwa *Minga*. Mtoto aliyekua akisema *Minga* hana sababu ya kumfikiria mmonaki kila alitajapo jina la kwao, kama vile Mswahili asivyofikiria sauti yoyote ya Kigiriki akisema mmonaki. Jina limefifia. Picha, hata hivyo, ilikwisha kuchorwa.

3.0 Nembo zisemazo

Elimu ya nembo ilishika mizizi Ulaya katika karne ya 12, pale mashujaa waliofunikwa chuma mwili mzima walipohitaji kutambuliwa kwa michoro ya ngao zao. Miji ilifuata, lakini kwa haja nyingine. Mji haukuwa na uso wa kuficha. Ulikuwa na hati za kuthibitisha. Kwa hiyo nembo nyingi za miji zilianzia kwenye muhuri wa nta uliobandikwa chini ya mkataba, mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Muhuri ulipaswa kusema ‘mji fulani umekubali’ bila kutumia herufi.

Njia rahisi ya kusema jina bila herufi ni kuchora kitu ambacho jina lake linafanana na jina linalokusudiwa. Nembo za namna hii Wajerumani huziita *redende Wappen*, nao Wafaransa *armes parlantes*. Kote kuwili maana ni ‘nembo zisemazo’, na makala hii inalichukua jina hilo kama lilivyo. Mfano ulio bayana ni Oxford nchini Uingereza, jina ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kivuko cha maksai: ngao ya mji huonyesha maksai akivuka maji. Hapo picha imeisoma maana halisi ya jina. Mfano wa Berlin ni wa namna nyingine. Dubu anaonekana katika muhuri wa Berlin tangu mwaka 1280, na sasa ndiye mnyama wa jiji. Lakini jina Berlin ni la asili ya Kislavoni, na mzizi wake unahusishwa na kinamasi, si na dubu. Kijerumani kina neno *Bär*, yaani dubu, na sikio la Mjerumani lililisikia neno hilo katika silabi ya kwanza ya jina la kigeni. Picha ya Berlin imesoma sauti, ikaiacha maana.

Tofauti hii inafahamika vizuri katika uchunguzi wa majina ya pwani ya Afrika Mashariki. Jina la Bagamoyo huelezwa kwa ‘bwaga moyo’, nayo maelezo hayo yana sura mbili zinazokinzana: mpagazi anayeutua moyo kwa kuwa safari imekwisha, na mtumwa anayeuacha moyo wake kwa kuwa safari ndiyo inaanza. Kama Bagamoyo ingalipata nembo kwa utaratibu wa Berlin, mchoraji angalichora moyo, na baada ya karne tatu hakuna ambaye angaliweza kumshawishi mtoto wa shule kwamba picha hiyo ilitokana na sikio.

Isidhaniwe kwamba kuandika kwa picha ni desturi ya Ulaya ya kale tu. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 nchini Tanzania, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili mpigakura asiyejua kusoma aweze kumteua amtakaye. Alama hizo zilikusudiwa kuwa majina tu. Lakini jembe si jina tu kwa mkulima, kama vile nyumba isivyo jina tu kwa asiye nayo. Picha hukataa kubaki jina. Maana ya kitu kilichochorwa hurudi kwa mlango wa nyuma. Kanuni hii ndiyo inayotawala habari yote ya mmonaki wa Munich.

Mmonaki huyo anaonekana katika muhuri wa mji tangu mwaka 1239, na ni nembo isemayo ya aina ya Oxford: picha inasoma maana halisi. Hakuwekwa pale kwa kuwa mji ulitawaliwa na wamonaki, wala kwa kuwa wenyeji walikuwa wacha Mungu kupita majirani zao. Yeye ni maandishi. Ni neno *munich* lililoandikwa kwa mwili wa mtu. Nembo hiyo haina kaulimbiu. Hapa ndipo inapotofautiana na nembo ambazo wasomaji wa makala hii wanazijua zaidi, ile ya Tanzania yenye maneno ‘Uhuru na Umoja’ na ile ya Kenya yenye neno ‘Harambee’. Nembo hizo za Afrika Mashariki husema kwa maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa kwenye utepe, na picha huyasindikiza. Ya Munich husema kwa picha peke yake, na kwa sababu hiyo inategemea kabisa kwamba mtazamaji ataisoma kwa sauti iliyo sahihi.

Kwamba inaweza kusomwa visivyo kulionekana mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifunga monasteri na kutwaa mali zao, na katika miaka iliyofuata mmonaki aliondolewa katika nembo ya mji. Mahali pake pakachukuliwa na lango na simba. Serikali iliyowafukuza wamonaki wenye nyama na damu haikutaka kumwona wa picha. Watawala hao walikisoma kitu kilichochorwa, si jina lililoandikwa. Matokeo yake mji ulibaki na ngao nzuri isiyosema lolote, kwa kuwa malango na simba wamejaa katika nembo za nusu ya miji ya Ulaya. Mmonaki alirejeshwa katika miaka ya 1830, enzi ya Mfalme Ludwig wa Kwanza. Lango na simba havikutupwa: vimo hadi leo katika nembo kubwa ya mji, mmonaki akiwa amesimama langoni na simba wa dhahabu akichomoza juu yake.

4.0 Jumba Kongwe na Jumba Jipya

Munich ina majumba mawili ya mji, na yote mawili yamo katika uwanja uleule. Jumba Kongwe, lenye ukumbi mkubwa wa dari ya mbao iliyopinda kama pipa, lilijengwa kati ya mwaka 1470 na 1480 na Jörg von Halspach, fundi yuleyule aliyejenga Kanisa la Bibi Yetu lenye minara miwili mashuhuri. Kwa ajili ya ukumbi huo, mwaka 1480, Erasmus Grasser alichonga wachezaji ngoma kumi na sita, ambao kumi kati yao wangalipo katika makumbusho ya mji. Jengo liliharibiwa vibaya katika Vita Kuu ya Pili, na mnara wake ulisimamishwa upya katika miaka ya 1970.

Jumba Jipya ni la wakati mwingine kabisa. Msanifu wake, Georg von Hauberrisser, alizaliwa Graz mwaka 1841, na ujenzi, ulioanza mwaka 1867, uliendelea kwa vipindi mpaka muongo wa kwanza wa karne ya 20. Ni jengo la mtindo wa Kigothi uliofufuliwa, yaani jengo la karne ya 19 lililovaa nguo za karne ya 15, na mbele yake pamejaa vinyago vya watawala, watakatifu na wanyama wa kubuni kiasi kwamba jicho hukosa pa kutua. Wahakiki wa sanaa wamelicheka mara nyingi. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, wingi huo una faida, kwa sababu jengo la namna hii ni mkusanyiko wa ishara zilizochaguliwa kwa makusudi na watu waliotaka mji ujieleze wenyewe.

Ndani ya mkusanyiko huo usomaji wa zamani na usomaji mpya vinaishi pamoja bila kugombana. Mmonaki ana ngao. Mtoto ana kilele. Tena kuna ushahidi wa tatu, ambao wageni wengi huukosa kwa kuwa huondoka mapema. Mnara una mitambo ya kengele 43 na sanamu 32, nayo mchana huonyesha harusi ya Mtawala Wilhelm wa Tano ya mwaka 1568 na ngoma ya mafundi mapipa. Watu hujazana uwanjani kutazama. Usiku, saa tatu, kengele hupigwa mara ya mwisho, na katika vidirisha viwili vya mnara hutokea mlinzi wa zamu mwenye taa na malaika anayempeleka *Münchner Kindl* kulala. Mmonaki hapelekwi kulala na malaika. Mmonaki huamka usiku kusali. Waliobuni onyesho hilo hawakuwa na shaka yoyote kuhusu aliyemo ndani ya kanzu, nao walikuwa wakitengeneza mitambo ya jengo lilelile ambalo ngao zake zinamwonyesha mtawa.

5.0 Mofolojia ya udogo

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. *Kindl* ni *Kind*, mtoto, pamoja na kiambishi tamati cha udogo cha Kibavaria *-l*. Kiambishi hiki kina nguvu nyingi katika lahaja za kusini: msichana ni *Madl*, vazi la kike la Kibavaria ni *Dirndl*, kuku wa kuchoma ni *Hendl*. Kama mifano inavyoonyesha, udogo si suala la ukubwa peke yake. Kuku wa kuchoma si lazima awe mdogo kuliko kuku mwingine. Ila ni kuku aliye karibu na moyo wa msemaji.

Kiswahili kina kifaa kinachofanana na hiki katika kiambishi *ki-*, lakini hisia zake zimeelekea upande mwingine. *Kitoto* chaweza kuwa cha kupendwa, hasa kinywani mwa mama. *Kijitu* ni cha kudharauliwa. Na *kijana* kimeachana na udogo kabisa mpaka kinatawala upatanisho wa A-WA. Mfasiri akiandika ‘kitoto cha Munich kinabariki mji’, msomaji atasikia dhihaka ambayo haimo katika Kibavaria. Tatizo hili la tafsiri litaangaliwa tena hapa chini.

Athari iliyo muhimu zaidi ya kiambishi *-l* ni ya jinsia ya kisarufi. *Mönch* ni nomino ya jinsi ya kiume. *Kindl*, kama nomino zote za udogo katika Kijerumani, ni ya jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. Mara watu walipoacha kusema ‘mmonaki’ na kuanza kusema ‘Kindl’, sarufi iliondoa uanaume wa aliyechorwa. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo, kiambishi kilitosha. Katika karne ya 20 matokeo yake yalionekana kwa macho: katika michoro na kadi, mtoto wa Munich alianza kuwa na sura ya kike, na leo, wakati wa sherehe ya Oktoberfest ambayo ilianza mwaka 1810, anayeongoza maandamano juu ya farasi, katika kanzu nyeusi yenye kingo za dhahabu, ni msichana. Mtawa mwanamume wa mwaka 1239 amekuwa mwanamwali, na daraja alilovukia ni la kimofolojia. Mtu anayedhani kwamba ngeli na jinsi za kisarufi ni mapambo ya lugha yasiyogusa ulimwengu angefaa kulitazama farasi hilo likipita.

Haidaiwi hapa kwamba sarufi ilitenda peke yake. Sanamu ndogo isiyo na ndevu, iliyozama ndani ya kanzu pana, katika muhuri ambao mtu angeufunika kwa kiganja, inakaribisha usomaji wa mtoto. Lakini miji mingi imekuwa na vijisanamu vidogo katika mihuri yake bila ya kuvigeuza watoto. Kilichoiwezesha Munich ni kwamba picha ilikuwa imepoteza neno lake. Mradi jina la mji lilisikika kama ‘kwa wamonaki’, aliyemo katika muhuri hakuweza kuwa mtu mwingine. Jina lilipofifia, picha ilibaki kiashiria kisicho na kiashiriwa, nayo lugha ya wenyeji ikakitafutia kingine.

6.0 Mwana na mji

Kwa nini basi kiashiriwa kipya kikawa mtoto, na si padri, msafiri, au mzee mwenye hekima? Jibu linapatikana katika matumizi ya pili ya neno hilo. *Münchner Kindl* si jina la picha tu. Mtu mzima aliyezaliwa Munich, hata awe na umri wa miaka themanini, husema juu yake mwenyewe kwamba yeye ni *Münchner Kindl* halisi. Neno linamtaja mwenyeji kwa njia ya kuzaliwa.

Msomi wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kulielewa hili kuliko msomi wa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili kimejenga dhana ya uraia kwa tofali hilohilo. Lugha ina maneno mawili. *Raia* lilitoka katika Kiarabu, na huko lilimaanisha kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. *Mwananchi* limejengwa na *mwana* na *nchi*. La kwanza linamtazama mtu kutoka juu, kwa jicho la mchungaji. La pili linamtazama kutoka chini, kwa jicho la aliyezaliwa. Hakuna anayelisikia neno mwananchi akadhani kuwa linahusu watoto wadogo. *Mwana* hapo ni uhusiano, si umri. *Kindl* ya Munich ni *mwana* ya mwananchi, na kwa hiyo tafsiri inayofaa ni ‘mwana wa Munich’, wala si ‘kitoto cha Munich’. Tafsiri hii inapoteza udogo na wororo wa *-l*, lakini inahifadhi jambo lililo zito zaidi.

Kwa mtazamo huu, usomaji mpya una mantiki yake. Mmonaki aliandika jina la waliokuwapo kabla ya mji. Mwana anaandika jina la waliomo. Katika jengo ambamo wakazi huchagua wawakilishi wao na kulipia kodi zao, si ajabu kwamba kilele kilitolewa kwa mwana.

Lakini usomaji huo una gharama, nayo haifai kufichwa nyuma ya uzuri wa sanamu. Jiji la leo lina wakazi zaidi ya milioni moja na nusu, na sehemu kubwa yao hawakuzaliwa humo. Kibavaria kina neno kwa ajili yao, *Zuagroaster*, yaani aliyesafiri akaja. Katika miji ya pwani ya Waswahili neno *wakuja* hufanya kazi hiyohiyo dhidi ya *wenyeji*, na kwa ukali uleule unaofunikwa na utani. Mradi nembo ilisomwa kuwa mmonaki, ilikuwa jina tu, nalo jina la mji ni la kila aishiye humo. Iliposomwa kuwa mwana, iliingiza swali la nani amezaliwa wapi. Tena liko kinyume la kihistoria ndani yake: wale wamonaki wa kwanza, ambao mahali paliitwa ‘kwao’, hawakuzaliwa hapo. Walikuwa wakuja, na mtawa kwa kanuni yake hana mwana.

Pengine ndiyo sababu halmashauri ya jiji haijawahi kuuchagua usomaji mmoja na kuufuta mwingine. Maelezo rasmi ya nembo yangali yanasema mmonaki. Vikombe vya bia, kadi na mabango husema mwana, na wachoraji wake walimnyang’anya kitabu zamani, wakampa kikombe cha povu mkono mmoja na figili mkono wa pili. Kwenye ngao rasmi kitabu chekundu kingali mkononi, na wataalamu wangali wanabishana iwapo vidole vya mkono wa kulia vinabariki au vinaapa.